Shangazi Waithira Aenda Kuangalia Chuo

Shangazi yangu Waithira hakuwa na cheo chochote, lakini katika ukoo wetu pale Mathira hakuna msichana aliyeolewa kabla yeye hajaenda kuangalia kule anakoolewa. Mahari haikuzungumzwa mpaka Waithira avae viatu vyake vya gambuti, achukue kiondo alichokuwa akisuka, aende kwenye boma la bwana harusi siku ambayo hakuna aliyemtarajia. Akifika, aliomba maji ya kunywa, kisha akakaa chini na kusuka. Mwanamke anayesuka kiondo huonekana ana shughuli zake. Baada ya muda watu humsahau na kuanza kugombana kama kawaida yao.

Jioni alirudi na neno moja, ndiyo au hapana, na ndiyo zake zilikuwa za kutafuta kwa tochi. Alimkatalia mwalimu mmoja wa Kangema, mtu wa tai na pikipiki, kwa sababu mbwa wake alijificha chini ya ghala mara tu aliposikia sauti ya mwenyewe. Alimkatalia karani wa benki kwa kuwa wake wa boma lile walicheka kabla mama mkwe hajamaliza mzaha wake. Binamu zangu walimlaumu hadharani. Mimi nilicheka tu, maana sikuwa na haraka ya kuolewa na mtu yeyote.

Mwaka wa tisini na mbili kicheko kikanitoka. Nilikuwa nimemaliza kidato cha nne na kukosa nafasi ya chuo kikuu cha serikali kwa pointi moja, pointi ambayo hadi leo sijaisamehe. Ndipo nikapata kijitabu cha chuo kikuu cha binafsi kilichokuwa kimefunguliwa juu ya Karatina, pale mashamba ya chai yanapopakana na msitu. Jina lake naliacha, kwa sababu waliokuwa wakipika maharagwe ya huko bado wako hai na wananijua. Katika kijitabu hicho wanafunzi wamekaa kwenye nyasi wamefungua vitabu, na wote wanacheka. Nilitaka kwenda huko mpaka nikakosa usingizi. Fomu zilikuwa zinafungwa Ijumaa, na mahali pa sahihi ya mzazi palikuwa peupe.

Mzazi mwenyewe alikuwa baba yangu, Theuri, mpima kahawa katika kiwanda cha ushirika. Baba alikuwa mtu anayejua. Alijua ugonjwa wa ng'ombe wa jirani, alijua kilichoharibika kwenye gari lolote lililosimama barabarani, na alijua mvua itanyesha lini. Isiponyesha, alijua pia ni nani aliyeizuia. Alikuwa tayari amejua kwamba ninafaa kusomea upigaji taipu mjini Nyeri, na ameshazungumza na mwenye shule hiyo. Aliutazama ule ukurasa wa vicheko kwa muda mrefu.

"Maitu," akaniambia. Aliniita hivyo, yaani mama yangu, kwa sababu nilipewa jina la mamake, Wachuka. "Hakuna mtu anatoka hapa kwangu kwenda mahali hapajaangaliwa. Waithira aende kwanza. Akisema hapana, ni taipu."

"Baba, siolewi."

"Miaka nne unalala kwao, unakula kwao, na mimi ndio natoa mali. Niambie tofauti iko wapi."

Nikachukua kijitabu changu nikaenda kumwita shangazi.

Jumanne asubuhi tukaondoka mimi na shangazi. Kwa desturi yake hakuwahi kwenda na msichana mwenyewe, lakini safari hii alisema huko kutakuwa na vibao vya Kiingereza. "Utakuwa macho yangu," akasema, "lakini mdomo uache hapa nyumbani."

Lango kuu lilikuwa na maua na bango la kukaribisha wageni. Shangazi akalipita kama halipo. "Hapo wametutayarishia uongo," akasema, akafuata ua mpaka nyuma. Njiani alisimama mahali waya ulipokuwa umelegea na kulainika kwa kupitiwa na suruali nyingi. Akaushika, akauachilia, akaguna.

Tukatokea jikoni. Mpishi mkuu, mtu mnene aliyeitwa Ngatia, alikuwa nje akichagua maharagwe. Shangazi akaomba maji, akapewa, akakaa juu ya kreti ya soda na kutoa kiondo chake. Ngatia alimtazama, akanitazama mimi, akakitazama kiondo. Yeye naye alikuwa na dada walioolewa, na ujanja huo aliujua.

"Mama," akasema kwa sauti ya chini, "ni nani mnamwangalia hapa?"

"Tunapumzika tu," shangazi akajibu, kama alivyojibu siku zote.

Hilo likamthibitishia. Haukupita muda, jiko zima lilijua kwamba wamekuja watu kumwangalia mwalimu fulani aliyemchumbia msichana huyu mrefu mwenye uso wa kukasirika. Na kwa kuwa hawakujua ni mwalimu yupi, wakaamua kutusaidia na wote.

"Kama ni yule wa historia, wacheni," akasema mama aliyekuwa akimenya viazi. "Ati yeye anasoma daftari moja tu tangu shule ifunguliwe. Hata watoto wanaijua kwa kichwa."

"Yule wa uchumi ni mzuri wa sura," akasema mwingine, "lakini watoto wanamngoja hapo kwa darasa mpaka wanakuja kuniuliza mimi kama nimemwona."

"Kama ni Mutahi wa kilimo, huyo mchukueni," akasema Ngatia. "Soksi zake hazifanani, hiyo siwezi kuwaficha. Lakini yeye akiingia kwa darasa, hata wenye walikuwa wamelala hapa kwangu wanatoka mbio."

Nilitamani ardhi inimeze, huku masikio yangu yakichukua kila neno. Kile kijitabu hakikuwa kimeniambia hata nusu ya hayo. Shangazi alisuka tu. Kisha akaonja maharagwe, akayatafuna kwa muda mrefu sana, akasema tukamwone huyo wa soksi.

Darasa la Mutahi lilikuwa nyumba ya mabati yenye madirisha makubwa. Tukaingia tukakaa nyuma. Mutahi, kijana mwembamba, alisema, "Karibuni, mama," kisha akaendelea kueleza habari za udongo kwa Kiingereza. Kijana mmoja alikuwa amelala mbele yetu, mdomo wazi. Shangazi akamgusa mgongoni na sindano ya kiondo, naye akaamka akaandika. Msichana aliyeitwa Monicah akainua mkono. Aliuliza kwa nini kahawa iliyo kando ya barabara huiva mapema kuliko ile ya katikati ya shamba.

Mutahi alifikiria, akaangalia ubao, akaangalia dirishani.

"Sijui," akasema. "Nitatafuta, niwaambie kesho."

Shangazi hakuuliza ni kitu gani kilichosemwa. Neno hilo la Kiingereza alilijua. Akakunja kiondo chake na kusimama.

Nilimchukia Mutahi pale pale. Kitu gani kilimzuia kusema chochote? Baba angejibu swali lile akiwa amelala. Nikaziona siku zangu zote zikipita mbele ya mashine ya taipu kwa sababu ya mtu mmoja asiyejua kuhusu kahawa, tena katika wilaya ya kahawa. Hosteli tuliiona kwa haraka. Shangazi alimuuliza msichana mmoja wanafanya nini Jumapili, akajibu wanafua nguo na kukumbuka nyumbani. Vyoo tulivikagua pia, na hapo nitanyamaza.

Tulipokaribia nyumbani shangazi akasimama. "Kesho tunarudi," akasema.

Hakuwahi kurudi kwenye boma lolote mara ya pili. Sikujua nifurahi au nilie.

Jioni Baba alitaka kusikia. Shangazi akamwambia hajamaliza. Mimi, kwa hasira, nikamsimulia swali la kahawa.

"Ni vumbi," Baba akasema, kijiko kikiwa bado mdomoni. "Vumbi ya barabara iko na joto. Inapika hiyo kahawa. Kila mtu anajua."

Shangazi alimtazama tu mdogo wake, akaendelea kula.

Kesho yake hatukupitia jikoni, ingawa Ngatia alitupungia mkono kwa furaha akidhani mambo yameiva. Tulikaa nyuma kama jana. Mutahi aliingia viatu vimejaa matope, amebeba matawi mawili ya kahawa, moja lina matunda mekundu tele na jingine bado lina ya kijani. Alisema ameshinda kwenye shamba la watu. Kule pembeni jua linaingia kutwa nzima, katikati miti inatiliana kivuli, na anadhani hiyo ndiyo sababu. "Lakini mkulima mwenyewe ananiambia ni vumbi," akaongeza. "Hiyo ya vumbi bado sijui. Tutapanda yetu tuone."

Nilimtafsiria shangazi kwa kunong'ona. Mikono yake ikaacha kusuka. Sikuwahi kuiona ikisimama hivyo kwa mambo ya watu wengine.

Alhamisi jioni tukakaa, Baba, Mama, shangazi na mimi, na ile fomu mezani karibu na taa. Shangazi akaanza na lawama. Ua una tundu la wavulana. Maharagwe ni mawe. Vyoo ni aibu ya watu wazima. Wa historia ni bure na wa uchumi haonekani. Baba alikuwa akiitikia kwa kichwa, ameridhika, na mimi nilikuwa nimeshika miguu ya kiti.

"Basi ni hapana," akasema Baba.

"Ni ndiyo," akasema shangazi.

Baba akaweka kikombe chini. "Na hiyo yote umesema?"

"Hiyo yote inaweza kutengenezwa. Theuri, mimi niliolewa, hakuna mtu alienda kuniangalilia. Wewe ulikuwa kijana, unakumbuka. Yule mtu hakukuwa na kitu hajui. Mvua inaingia kwa nyumba, mimi nimelowa, namwambia paa inavuja, na yeye anajua haivuji. Nilikaa hapo miaka ikaisha. Tangu nirudi nyumbani nimezunguka maboma ya watu nikitafuta mahali mwenye nyumba anaweza kusema sijui, halafu kesho akuje na jibu. Nimepata moja. Afadhali huyu mtoto akae hapo."

Mama alijifanya kupunguza utambi wa taa, ambao ulikuwa sawa. Nilitaka kwenda kumshika shangazi mkono, lakini nilikuwa naogopa kuonekana nalia.

"Haya," akasema shangazi, "wewe ambaye hutaki kuandika jina lako hapo. Unaogopa nini?"

Baba alifungua mdomo, kama afunguavyo kila siku, na sote tukangoja jibu. Halikuja. Akaitazama fomu, akanitazama mimi, akaitazama taa.

"Sijui," akasema.

Nilikuwa sijalisikia neno hilo kutoka kwake tangu nizaliwe.

"Basi ni sawa," akasema shangazi kwa upole. "Tafuta, utuambie kesho."

Ijumaa Baba alienda kiwandani bila kunywa chai. Nilishinda barabarani nikitazama jua linavyopanda, maana ofisi ya chuo ilikuwa inafungwa saa kumi na mimi bado sina sahihi. Saa sita nikamwona anakuja, mapema kuliko siku yoyote, vumbi jekundu limejaa suruali yake. Aliingia, akakaa, hakuvua kofia.

"Maitu, nimepata," akasema. "Naogopa utarudi hapa siku moja, na kila kitu nikisema, wewe utakuwa unajua si kweli, na utanyamaza kwa heshima."

Nilimpenda Baba siku hiyo kuliko nilivyowahi kumpenda. Nilitafuta la kumwambia, na jambo pekee nililolipata lilikuwa la kweli.

"Baba, hiyo ya vumbi hata Mutahi bado hajui. Wanapanda yao waone."

Akanitazama kuhakikisha kama simtanii. "Watapata ni vumbi," akasema, akaanza kucheka, akaomba kalamu.