Hapa Hakuna Mtu wa Jina Hilo

Wilibrodi Hhando wa Ganako hakuwa mtu wa kupanda mlima kwa ajili ya marehemu. Alipanda kwa ajili ya mbuzi. Tangu kilimo kipigwe marufuku hifadhini, Wamasai wa juu walihitaji mahindi, na mahindi yeye alikuwa nayo. Chini ya mahindi, katika gunia la mwisho, alificha sabuni, maana mwaka ule wa msako wa walanguzi mche wa sabuni uliweza kumlaza mtu ndani. Kamati ya jiwe la mashujaa pale Karatu ilimpa kazi kwa sababu ya safari hizo: alijua Kimaa cha mnadani, na punda wake waliijua njia.

"Kuna kijana aliandikishwa mgambo hapa hapa, akaenda Kagera, hakurudi," katibu alimwambia. "Dada yake yuko Oloirobi. Kaulize kama alifia vitani au alitoroka. Mtoro hatumchongi kwenye jiwe."

Kwa hiyo siku ya kwanza alipofika bomani kwa Seenoi, dada huyo, hata vumbi halijatulia, alisimama mlangoni akapaza sauti kama anauza sufuria: "Hapa ndipo kwa akina Sironka? Namtafuta dada yake Sironka."

Wanawake waliokuwa wakikamua waliganda, chuchu zikiwa mkononi. Bibi mmoja akajitemea mate kifuani. Kisha akatoka mwanamke mrefu, fimbo ya kufukuzia ndama mkononi, uso umefungwa kama duka la mdaiwa.

"Hapa hakuna mtu wa jina hilo," alisema.

"Hayupo sasa, au hajawahi kuwepo?"

"Umesikia. Geuza punda wako."

"Na mahindi, mama?"

"Kale mwenyewe."

Wilibrodi aligeuza punda. Alikuwa ameanza biashara na debe moja la maharage aliloazima, akafika alipofika kwa kusoma nyuso, na uso ule aliusoma hivi: ukoo unaomkana mtoto wake una aibu ya kuficha. Njiani, penye maji, alimkuta Parsimei, balozi wa nyumba kumi, ambaye alimkaribisha maziwa bila kuombwa. Hilo peke yake lingemtosha mtu mwenye akili kuwa na wasiwasi.

"Yule kijana tuliondoka naye siku moja," Parsimei alisema. "Mimi nikarudishwa kwa ugonjwa. Yeye alishukia njiani, akaingia Kenya. Mwaka jana nilimwona Narok kwa macho yangu, ananenepa." Akalipapasa gunia la mwisho. "Mahindi yako ya huku yananukia vizuri, Mmbulu."

Wilibrodi akampa miche miwili. Kesho yake akapeleka kwa katibu alichosikia kwa dada na alichosikia kwa balozi. Kamati ikasema: mtoro. Biashara imekwisha, alidhani.

Hakumjua aliyekuwa anafanya naye biashara. Seenoi alizaliwa ndani ya kreta, chini kule, kabla watu hawajaondolewa. Mama yake alikufa mtoto wa kiume akiwa bado ananyonya, na Seenoi, msichana tu, akamlea yule mtoto kwa maziwa ya mbuzi. Siku walipohamishwa, kijana alipandisha ndama na dada yake akapandisha kila kitu kingine. Aliozwa kwa mzee, mzee akafa, akarudi kwao na mbuzi wake akakataa kugawiwa mume mwingine. Alikuwa na ulimi mkali na mkono mgumu, na katika maboma yote ya upande ule hakuna mwanamke aliyekubali bei ya mbuzi kabla Seenoi hajaikubali. Wafanyabiashara walimchukia. Walimfuata hivyo hivyo.

Neno la kamati lilipopanda mlima, wanawake penye maji walianza kumwita dada wa mtoro, wakamsukuma nyuma na mifugo yake, mbuzi wake wakanywa tope. Ndipo alipofunga soko. Wilibrodi alipanda na mahindi, akateremka na mahindi. Akapanda tena, akaambiwa mbuzi wote wanaumwa. Mbuzi hao walikuwa wanarukaruka mbele yake.

Siku ya mnada Seenoi aliteremka Karatu mwenyewe, akamkuta Wilibrodi amekaa juu ya magunia yasiyonunuliwa.

"Wewe ormeek," alisema, na ormeek ni mtu asiye Mmasai, neno ambalo hawalitamki kwa kupendeza. "Ndugu yangu umemwuza kwa maziwa ya nani?"

"Mimi nilipeleka maneno yako, dada. Ulisema hapa hakuna mtu wa jina hilo."

"Na wewe ukaelewa nini?"

"Nikaelewa hakuna."

"Umekula mbuzi wetu mpaka umeota kitambi, hujui kwamba kijana akifa bila kuacha mtoto jina lake linafukiwa naye? Hatulitaji, na anayelisikia hujitemea mate. Hata kilima chenye jina hilo tungekipa jingine. Lake tulilifukia vita vilipoisha asirudi, wewe ukaja kulipigia mnada mlangoni kwangu, mbele ya watoto. Nilikujibu kama anavyojibiwa mtu mzima: amekufa. Ndama wangu wangeelewa."

Watu walikuwa wanasikiliza, na mmoja akacheka. Wilibrodi hakuona haya, haya haishibishi. Alipiga hesabu.

"Basi njoo uwaambie kamati."

"Watanitaka nilitaje."

"Watakutaka."

"Sitalitaja. Wewe ulilifukua, wewe libebe. Na mpaka watakapoacha kumwita mtoro, hakuna mbuzi wa juu atakayeteremka na kamba yako."

Wilibrodi akalibeba, akinung'unika njia nzima mpaka Buger, kwa Tluway, aliyerudi Kagera na mguu mmoja.

"Tulikuwa na Mmasai kwenye kikosi chetu," Tluway alisema. "Kombora lilimpata tukivuka mto. Nilimfukia kwa mikono hii."

"Jina lake?"

"Masai."

"Jina, bwana."

"Vitani nani anauliza jina? Tukimwita Masai anaitika. Hata mimi walikuwa wananiita Mmbulu."

Katibu alipopelekewa hilo aliguna. Wamasai walikuwa wengi kule, alisema, na balozi wa Chama ameona mtu wake Narok. Kamtoe huyo wa Narok kwanza.

Hapo ndipo ilipokuwa shida, kwa kuwa Parsimei alikuwa anajua harufu ya gunia la mwisho. Kumgusa balozi ni kuigusa sabuni. Wilibrodi alipima upande mmoja sabuni, upande wa pili mbuzi wa mlima mzima, na mbuzi wakawa wazito. Kisha akaanza kuyapitia maneno ya Parsimei, kama mtu anayechambua mahindi yaliyobunguliwa, na akashika punje moja. Yule kijana. Yeye. Mtu wake yuko hai, ananenepa, na hamtaji.

Kamati iliitisha kikao. Wazee wa juu waliteremka na mashuka yao, mzee Olais mbele yao. Seenoi alikaa chini karibu na mlango, amegeuza mgongo. Parsimei akarudia habari za Narok, safari hii akaongeza ng'ombe.

"Balozi," Wilibrodi alisema, "huyo uliyemwona anaitwa nani?"

"Mnamjua."

"Kamati haimjui."

"Ndiye huyo huyo mnayemzungumza. Ndugu Katibu, huyu mlanguzi ananiuliza maswali kwa kibali cha nani?"

"Jibu tu," katibu alisema.

"Mimi nina shangazi Mbulu, yuko hai, anaitwa Lusia," Wilibrodi aliendelea. "Unaona, nimemtaja na sikuungua. Na wewe mtaje wa kwako."

Parsimei alitazama paa. Wazee wakamtazama yeye.

"Basi nitakusaidia," Wilibrodi alisema, na kwa sauti ile ile ya kuuzia sufuria akaita: "Sironka!"

Mgongo wa Seenoi ulikakamaa. Na Parsimei, kabla akili haijamwahi, akajitemea mate kifuani.

Kisha mzee Olais akainuka polepole kwa fimbo yake.

"Jina la mtu anayenenepa Narok halitemewi mate," alisema. "Wewe unajua amekufa. Umejua siku zote."

Yaliyobaki yalitoka yenyewe. Aliyeshukia njiani alikuwa Parsimei, na habari ya kifo aliipata kwa waliorudi vitani. Ugonjwa alioupata ni wa kuogopa mabomu, na shujaa akichongwa kwenye jiwe, watu wangemwuliza yeye alimwacha wapi. Kamati ikaunganisha Masai wa Tluway na kijana wa Oloirobi, na jina likaingia.

Parsimei alipoteza ubalozi. Lakini kabla hajaukabidhi aliutumia mlimani kwa mara ya mwisho: mgambo wakamsubiri Wilibrodi njiani, wakamwaga gunia la mwisho, sabuni ikaenda, punda wawili wakaenda, na mwenyewe akalala ndani mpaka mkewe alipokuja kumwombea. Wilibrodi hakumlaumu. Angekuwa yeye, angefanya hivyo hivyo, ila angeanza mapema.

Penye maji, mbuzi wa Seenoi wakarudi kunywa mbele. Soko likafunguka, kwa bei yake. Debe ambalo zamani Wilibrodi alilipima kwa kulitikisa kidogo, sasa lilijazwa mpaka likafanya kichuguu, na Seenoi alilisimamia kama askari. Hakumsalimia. Siku ya Mashujaa, majina yaliposomwa kwa kipaza sauti pale Karatu, yeye hakuteremka.

Mara moja tu Wilibrodi alijaribu kupunguza kichuguu.

"Dada, hata kwangu mimi niliyekurudishia ndugu yako?"

"Ndugu yangu yuko kule mlikomfukia," Seenoi alisema. "Mimi nilitaka waache kumwita mtoro. Umefanya, na nimekulipa kwa mbuzi. Jina sikukuomba. Sasa watoto wa shule wanaliimba wakipita hapa na kuni zao, na mimi naziba masikio kwenye boma langu mwenyewe. Jaza debe."

Wilibrodi akajaza debe.