Swali la Kabula Kuhusu Kipeo

Nilimwahidi Kabula kwamba siku nitakapoelewa vizuri zaidi, yeye atakuwa wa kwanza kuambiwa. Ahadi hiyo hunirudia kila ninaponusa kamba ya katani iliyolowa umande, hata sasa ninapofundisha hisabati mwenyewe.

Tulikuwa kidato cha sita, katika shule ya bweni nje kidogo ya Kahama. Asubuhi moja mwalimu aliandika ubaoni namba e yenye kipeo cha pembe iliyozidishwa kwa i, ile namba ya kufikirika, akaweka alama ya sawasawa, akaendelea. Kabula, aliyeketi dawati moja nami, alinyoosha mkono.

"Samahani, mwalimu. Mbili kwa kipeo cha tatu, naandika namba mbili mara tatu, nazizidisha. Sasa kipeo kikiwa na i, hii e naiandika mara ngapi?"

"Mtihani hautakuuliza mara ngapi, Kabula. Kariri."

"Andika kimoyomoyo, dada!" sauti ya nyuma ilidakia.

Darasa zima lilicheka. Nilicheka kuliko wote, ilhali daftari langu lilikuwa limejaa mistari niliyonakili bila kuelewa hata mmoja.

Tulipotoka nje alinisimamisha. "Umecheka. Kwa hiyo umeelewa?"

"Kidogo."

"Nieleze hicho kidogo."

Badala ya kueleza, niliahidi kwamba nikielewa vizuri zaidi nitamwambia yeye kwanza.

Likizo ilifika, nikarudi kwetu karibu na Buseresere. Kazi yangu ya asubuhi ilikuwa kufunga ndama kwenye kigingi penye majani mabichi. Ndama yule alikuwa mlafi; alikuwa akiivuta kamba hadi mwisho, kisha akila huku akizunguka. Siku moja nilisimama nikimtazama. Umbali wake kutoka kwenye kigingi haukubadilika hata kidogo; kilichobadilika ni upande aliokuwapo. Kama kigingi ni sifuri na urefu wa kamba ni moja, alipomaliza nusu duara alikuwa ng'ambo ya pili kabisa: moja imekuwa hasi moja. Kipeo cha kawaida hukuza au hupunguza. Kipeo chenye i hugeuza tu. Hakuna cha kuandika mara ngapi.

Shule ilipofunguliwa, dawati lilikuwa na nafasi wazi. Niliambiwa Kabula ameacha shule, yuko Geita kwa mama yake mdogo aliyekuwa akiwapikia wachimbaji. Jumamosi iliyofuata niliomba ruhusa, nikapanda basi.

Nilimkuta akisugua sufuria kwa majivu. Nilimwamkia mama yake mdogo, nikachuchumaa, nikachora kigingi, kamba na ndama kwenye vumbi. Kabula alisikiliza hadi mwisho. Kisha akachukua kijiti mkononi mwangu.

"Na kamba ikijiviringisha kwenye kigingi? Ndama anazunguka, huku anazidi kukaribia." Alichora mzunguko unaojikunja kuelekea ndani.

Sikuwa nimefika huko. Niliufuata mzunguko ule kwa kidole. "Hapo kipeo kina sehemu mbili," nilisema hatimaye. "Ya kawaida inapunguza, yenye i inageuza."

"Kumbe ndiyo hivyo tu?" Alitabasamu, kisha tabasamu likazimika. "Nilidhani darasa zima ni mimi peke yangu nisiyeelewa. Nikasema, basi, shule si mahali pangu."

"Hata mimi sikuelewa, Kabula."

"Sasa ndiyo unaniambia?"

"Dada, chai huku! Au mpaka tuchimbe majani yake?" mchimbaji mmoja aliita. Kabula alinawa mikono, akaenda. Nilimsihi arudi shule. Alinishukuru kwa kuja, akanifungia maandazi ya njiani. Hakurudi.

Kwa miaka kadhaa nilijifariji kwamba nilitimiza ahadi yangu. Nimekuja kutambua baadaye kwamba siku ile darasani Kabula hakuhitaji ndama wala kigingi. Maelezo yangeweza kusubiri hata mwezi mzima. Alihitaji mtu mmoja wa kukiri kwamba naye haelewi, na mtu huyo alikuwa ameketi kando yake, akicheka.

Msomaji wangu, mwenzako akiuliza jambo ambalo nawe hulielewi, naomba unyooshe mkono, useme kwamba hata wewe hujaelewa.