Aleluya na Wadudu wa Ziwani

Jamani, chekeni nikimaliza, si kabla, maana hii aibu hata mama yangu mzazi sijamsimulia yote.

Nilikuwa nimetoka kwetu Igoma kwenda kukaa siku chache kwa masista wa monasteri moja upande wa Nyegezi, ziwani kabisa, ili wanipime kama nafaa kupokelewa (nyumbani walishaanza kuniita sista, na mimi nilishazoea kuitika), na kipindi kilekile cha Pasaka, Sista Konsolata, muongoza nyimbo wao, akashikwa na mafua, sauti ikakauka kabisa, basi Mama Mkuu akaniambia, “Binti, Aleluya ya sala ya usiku utaianzisha wewe.”

Mimi! Aleluya, ambayo Kwaresima nzima hatukuigusa! Sikulala. Nilijifunika shuka gubigubi nikafanya mazoezi mpaka kengele ikagongwa.

Kanisani kulikuwa na lile joto la mvua inayokataa kunyesha. Nikaona sauti yangu inahitaji hewa, nikafungua dirisha la upande wa ziwa, karibu na meza ya kusomea, chini ya taa kubwa. Dirisha moja tu, na wala sikumuuliza mtu.

Masista wakasimama pande mbili wakitazamana, wananisubiri. Nikavuta pumzi mpaka tumboni, “Aleee—”, nikahisi kitu kooni. Halafu vitu. Wale wadudu wadogo wa ziwani, wanaoinuka majini kama moshi, walikuwa wameiona taa yetu, wakaja ukoo mzima! Nikameza (ningefanyaje, Aleluya ya Pasaka unaikatishaje?), nikaendelea “—luuu—”, nikameza tena, nikakohoa. Upande wa kulia ukapokea, ukakohoa. Upande wa kushoto ukajibu, ukapiga chafya. Nikanyakua kitambaa cha meza nikaanza kupunga kwa nguvu, kikamkumba mtu kichwani, kumbe ni Mama Mkuu, shela ikamshukia mpaka puani.

“Zimeni taa!” akasema kutoka humo ndani ya shela.

Giza. Na masista, hebu sikieni, wakaendelea na zaburi kama kawaida, wanazijua kwa kichwa! Mimi nimesimama na kitabu nisichokiona, kila nikisikia kimya nachomeka Aleluya, na karibu zote hazikuwa mahali pake, mpaka nikasikia Sista Konsolata anacheka bila sauti, kama pampu ya baiskeli, na benchi zima likafuata.

Kulipokucha nikajua narudishwa Igoma.

“Tumsifu Yesu Kristo, Mama.”

“Milele, amina. Nani alifungua dirisha?”

“Mimi, Mama.” Machozi yako hapa.

Akachomoa mdudu kwenye shela yake, akamtazama. “Kila Pasaka nawabembeleza wasisinzie kwenye sala ya usiku. Leo hakuna aliyesinzia. Lete ufagio, na mimi niletee wangu.”

Walinipokea, jamani! Ila tangu siku hiyo, nikiwa kwa watu, hata nichemke kama maharage, sigusi kitu kabla sijauliza. Na Aleluya, mpaka leo, naianza mdomo nusu.