Vishada vya Mama Vumilia

Nilikuwa na miaka minane, huko Burungu, mwaka ambao mahindi yetu yalitoa magunzi matupu. Jua lilikuwa limewaka mfululizo wakati wa kuchanua. Leo najua kwamba jua likizidi siku hizo, unga wa kishada hukauka na punje hazishiki. Wakati ule tulijua tu alichotufundisha koko, mama wa baba yangu: kishada cha muhindi njo kichwa cha shamba, na mtu akikikata kwa siri anaondoka na mavuno yako.

Jirani yetu Mama Vumilia alikuwa mjane kutoka Itebero, mbali kule Walikale, kwenye pori. Mumewe, mtu wa kwetu, alimwachia shamba dogo kando ya letu. Hakuwa na mtoto; Vumilia lilikuwa jina lake mwenyewe. Alishona vitambaa vya altare, na pembeni aliviwekea nyuzi za rangi ya dhahabu zinazoning'inia. Hizo nazo tuliziita vishada. Hatukuwa na neno jingine.

Jioni moja baba mdogo alikuja kwetu na gunzi tupu mkononi, akauliza kama kuna aliyemwona mtu shambani. Mimi, nikitaka tu kusikilizwa na wakubwa, nikasema, "Nilimuona Mama Vumilia. Alikuwa anakata vishada."

Ilikuwa kweli. Asubuhi hiyo nilikaa mlangoni kwake nikimtazama akisawazisha nyuzi kwa makasi, naye akanipa mabaki nichezee.

Baba mdogo aliweka gunzi chini polepole. Aliniambia nirudie, nikarudia. Nilipoziona nyuso zao ndipo nilipoelewa, nikaanza kueleza habari ya makasi na kitambaa. Mama akanishika mkono, akanipeleka jikoni, akaniambia nikae kimya.

Kesho yake nusu ya kijiji ilisimama mbele ya nyumba ya Mama Vumilia. Alitoka na kile kitambaa, akakiinua ili wote waone.

"Vishada njo hivi," alisema. "Mutoto aliona hivi. Mumuulize."

Akanitazama. Mama akanibana bega mpaka nikaumia, na sikusema. Mtu mmoja akampokonya kitambaa, akakitupa matopeni. Mwingine akasema watu wa pori wanajua sana kujificha. Walimpa mpaka saa sita mchana awe ameondoka. Akashika njia ya Walikale na furushi moja kichwani, huku watoto niliocheza nao wakimrushia madongo mgongoni.

Wiki ileile baba mdogo alipanda maharagi katika shamba la Mama Vumilia.

Mwaka jana nilimuuliza mama kwa nini alinizuia. Alikuwa anachambua sombe, majani ya muhogo, na hakuinua uso.

"Tulijua," alisema. "Siku ileile tulijua ni vishada vya nguo. Baba yako mudogo alikuwa anatafuta ile shamba tangu bwana ya Mama Vumilia afe. Ungesema, wangetugeukia sisi."

Kumbe neno langu halikumdanganya mtu. Walichagua maana iliyowafaa, na mafundisho ya koko yakawapa pa kujificha. Nilidhani kulijua hilo kungenipunguzia uzito, lakini haikuwa hivyo. Nilifika Itebero nikaulizia, sikupata anayemkumbuka. Na yale maharagi, baba mdogo alitugawia kikapu kizima. Nilikula pamoja na wengine, wala sikuuliza yametoka wapi, kwa sababu nilijua.