Ushuru wa Mpakani

Dada yangu mkubwa alichukua nyimbo, mimi nikachukua masoko. Ndivyo tulivyogawana bara letu, tumekaa juu ya jiwe nyuma ya zizi la baba kule Kinyangiri, mbuzi wakijichunga wenyewe. Bara halikuwepo popote. Tulilitunga sisi wawili kiangazi kimoja, kwa kuwa mbuzi hawana mazungumzo. Nilipopewa masoko, mizani na sheria, nilijua nimempunja. Nyimbo utaziuza wapi?

Makabila yalikuwa saba. Niliyahesabu, nikayarudia, maana dada alikuwa na tabia ya kuongeza mengine kimyakimya. Watu wa Chumvi walikaa kando ya ziwa lililokauka, na waliimba wakiwa wameinama tu, kwa sababu migongo yao ilishazoea kukwangua chumvi. Watu wa Mawe walikuwa na ngoma moja: jiwe ambalo ukiligonga kwa kijiwe linalia kama kengele. Hilo lilikuwa la kweli, ndilo tulilolikalia. Watu wa Upepo hawakuwa na ala yoyote. Walielekea unakotoka upepo, wakafungua midomo, wakauacha ufanye kazi. Hao niliwapenda, gharama zao zilikuwa ndogo. Kwenye misiba yao kulikuwa na wimbo wa kwenda makaburini na mwingine wa kurudi, na aliyeuimba wa kurudi wakati wa kwenda alitozwa mbuzi. Wimbo ulikuwa wa dada, mbuzi alikuwa wa idara yangu.

Maneno yenyewe yalikuwa Kinyiramba kidogo, Kiswahili kidogo, na mengine ambayo dada alisema ni ya kwao huko na hayatuhusu.

Ukitaka kuingia kwa kabila lingine, ulisimama mpakani. Mwenyeji aligonga jiwe, nawe ukajibu kwa wimbo wa kwenu. Siku moja nililipa kwa ubuyu. Dada akaula wote, akafuta mdomo, akasema, "Haya, rudi ulikotoka, mfanyabiashara." Nilikasirika, nikatunga sheria palepale: kuanzia leo ushuru wa mpakani ni wimbo, na wimbo tu, mali haipokelewi. Nikaona nimemkomesha.

Shida ni kwamba sikuwa na sauti wala kichwa cha kushika wimbo. Dada akigonga, nilisimama kama nguzo ya zizi. Akishanicheka akatosheka, alininong'oneza wimbo wangu, neno kwa neno, nami nikamfuata nusu hatua nyuma mpaka mwisho, nikaingia.

"Mdogo wangu, utajifunza lini?"

"Kwani wewe unakwenda wapi?"

Niliingia bure utoto wote. Nilijiona mjanja.

Sasa dada yuko Mwankoko, nyumbani kwa binti yake. Kiharusi kilichukua mkono na mguu wa kulia, na kikachukua maneno, hata la kuombea maji hakikumwachia. Anayekuja kumfanyisha mazoezi ya viungo alituambia tujaribu kuimba. Wapo ambao maneno yamewagomea, alisema, lakini wimbo unapita. Ila uwe wimbo wa zamani, ulioingia kabla ya mengine yote.

Binti akaimba nyimbo za kanisani. Wanakwaya nao wakaja, wakaimba kwa sauti nne. Dada aliwatazama kwa adabu, kama mwenye nyumba anayesubiri wageni wakumbuke kwao.

Mimi nilifika nikitoka mnadani Ikungi, ninakonunulia kuku, nikiwa na mtetea kwapani.

"Shikamoo, mjomba."

"Marahaba. Ameimba?"

"Hata kuguna." Akanivuta pembeni ya mlango. "Mjomba, kuna zile nyimbo zenu za machungani. Alikuwa akiziimba anapopepeta mtama, mimi nikiona ni upuuzi wa kizee, sikuushika hata mmoja. Imba wewe."

"Mimi nilikuwa upande wa masoko."

"Jamani mjomba, huu si wakati wa utani."

"Sitanii, mama."

Na sikuwa natania. Niulize leo bei ya chumvi katika bara lile, nitakutajia ya masika na ya kiangazi. Niulize faini ya msibani. Lakini wimbo, hata mstari mmoja, sina. Nilikuwa nikiazima kinywani mwake na kurudisha hapohapo.

Nadhani dada alisikia sauti yangu. Kutoka ndani ukaja mlio wa kidole kikigonga ubao wa kitanda, mkono wa kushoto, ule mzima. Akagonga, akangoja. Akagonga tena.

"Anataka nini?" binti akauliza.

"Ushuru."

"Si umpe!"

Nilisimama kizingitini, nikamwinua mtetea ili amwone. Nusu ya uso wa dada ikacheka, ile iliyobaki: mali haipokelewi. Akagonga tena.

"Nipunguzie, dada," nikamwambia. "Nusu wimbo. Niimbie mwanzo tu, mwisho nitajua mwenyewe." Mnadani hakuna bei isiyoshuka. Mwenye ng'ombe hushuka, mwenye mtama hushuka. Yeye akagonga.

Kisha akaacha. Akanitazama nilivyosimama pale, nguzo ileile, na midomo yake ikaanza kucheza. Hapakuwa na sauti, hata pumzi haikusikika. Nikaelewa anachofanya. Ananinong'oneza wimbo wangu.

Niliinama kadiri nilivyoweza bila kuvuka kizingiti. Niliikodolea macho midomo ile kama ninavyokodolea mizani ya mtu nisiyemwamini, na sikupata kitu. Upande mmoja ulikwenda, mwingine ukabaki. Nikafungua mdomo wangu, nikawa naifuata midomo yake nusu hatua nyuma.

"Mnaimba?" binti akauliza nyuma yangu.

Dada akamaliza kabla yangu, kama kawaida. Akafunga mdomo, akalaza kidole juu ya ubao, akanitazama, anasubiri niingie.

Nami niko mlangoni na kuku.