Nilimfuata mzee wangu nikijua anaenda kwa mganga, nikamkuta internet cafe

Wakuu, habari za saa hizi.

Hii nimekaa nayo miaka mingi. Naitoa leo kwa sababu jana kuna uzi humu mlikuwa mnawacheka wanaogoogle magonjwa. Ni ukweli mtupu. Atakayeona ni chai, ruksa, ila mimi nilikuwepo.

Miaka hiyo ubinafsishaji umepamba moto. Mimi karani wa masjala ofisi moja ya serikali hapa Dodoma, nimepanga Kizota. Kutwa nashika mafaili yaliyogongwa muhuri wa SIRI. Ukikaa huko muda mrefu unaanza kumshuku kila mtu, hata anayekusalimia vizuri. Nakiri, ndivyo nilivyo.

Mzee wangu alikuwa mkulima wa Busi, kule Kondoa. Aliletwa kwangu ugali haushuki, mpaka asukumie na maji. Nikampeleka hospitali, akapimwa. Siku ya majibu daktari akamwambia mzee asubiri nje kwenye benchi, akanifungia mlango mimi.

Saratani ya koo, imeshasambaa.

Akaongeza, "Mzee usimwambie, utamvunja moyo."

Hapo sikushuku kitu wakuu. Mimi huyu ninayeshuku mpaka chenji ya dukani! Niliona ndiyo heshima, si ndivyo tunavyofanya wote? Ndugu wanajua, mwenye mwili hajui.

Nikatoka. Mzee akauliza, "Kasemaje?"

"Vidonda tu baba. Utatumia dawa, utapona."

Akaniangalia kidogo, akasema alhamdulillahi. Dawa zenyewe zilikuwa za maumivu, zile za kwenye bahasha ndogo, juu 1x3, jina hakuna.

Baada ya wiki mbili nikaanza kuona mambo. Mzee akishaswali alasiri anavaa kanzu safi, anatoka. Anarudi magharibi. Nikimuuliza ananijibu, "Nanyoosha miguu." Mtu anayechoka kufika chooni ananyoosha miguu gani mpaka magharibi?

Nikapekua koti lake. Ndiyo, nilipekua. Nikakuta bahasha ya dawa, nyuma imeandikwa neno refu la ajabu, herufi kubwa zilizopinda.

Nikasema tayari, mganga huyo. Mjini walikuwa wamejaa. Damu ikanichemka, kwamba kuna mtu anamdanganya mzee wangu akiwa anakufa. (Nilivyokuwa namdanganya mimi haikunijia kichwani kabisa.)

Kesho yake nikaomba ruhusa kazini, nikamfuata kwa mbali. Mdogo mdogo, anapumzika kwenye vibaraza vya watu, mpaka kituoni akapanda daladala, nami nikapanda ya nyuma yake mpaka mjini kati. Akaingia mlango mmoja wenye pazia. Nikalivuta lile pazia nikiwa tayari kwa fujo.

Internet cafe.

Kompyuta nne, feni moja, watu wanasubiri page ifunguke. Mzee kakaa pembeni ya dada wa kaunta. Dada anasoma Kiingereza kwenye kioo, anamfafanulia kwa Kiswahili.

"Hapa babu wanasema, ikishafika kwenye ini..." Akaniona, akanyamaza.

Mzee hakushtuka. "Endelea, mjukuu wangu. Huyu anajua. Alijua kabla yangu."

Kumbe cheti cha hospitali chenye jina la ugonjwa kwa Kiingereza nilikiacha juu ya kabati. Mzee alijua kusoma kwa ile elimu ya watu wazima, Kiingereza hajui, ila alilinakili lile neno herufi kwa herufi. Msikitini akasikia kuna mashine mjini inajibu mambo.

Nje nikaanza kujitetea, oh daktari alisema. Akanisikiliza mpaka mwisho.

"Shule nilikupeleka wewe, Hamisi. Ugonjwa wangu nasomewa na mtoto wa mwenzangu."

Nililia pale barabarani, mtu mzima na tai.

Akasema tena, "Mimi nina kazi nyumbani. Mipaka ya shamba na mdogo wangu hatujaweka. Umeniweka hapa mwezi mzima nasubiri kupona."

Wiki hiyo hiyo tukaenda Busi. Yeye na baba mdogo walikuwa hawasalimiani miaka na miaka kwa ajili ya hilo shamba. Wakaweka mipaka, wakakaa wanaongea siku tatu. Siku ya nne sauti ya mzee ikakatika, haikurudi tena mpaka tunamzika.

Baba mdogo hajawahi kunilaumu. Ila kila nikienda ananiambia, "Mwezi ule ungemleta, tungeongea yote."

Basi wakuu, somo langu ni hilo. Si kila anayetafuta ugonjwa online anajifanya daktari. Wengine hospitali wamenyamaza, nyumbani wamenyamaza, na mtu anaona kabisa machoni mwenu kuna kitu. Mgonjwa wako akikuuliza, mwambie. Siku zilizobaki ni zake.

Aliyewahi kuficha au kufichwa aseme hapa. Wa matusi pia karibuni, hayatazidi niliyojitukana mwenyewe.