Vigelegele vya Shangazi Hawa

Juzi gari la polisi lilipita Garsen likifukuza gari jingine, king'ora kikilia, na watoto wakakimbilia barabarani kushangilia. Nikajikuta nawapigia kelele warudi.

Utotoni nilikuwa nikikaa na Shangazi Hawa kando ya lami, akiuza maziwa yaliyonukia moshi wa kibuyu. Alasiri moja tukasikia honi, na magari mawili yakaja mbio, taa zinawaka mchana.

“Harusi hiyo!” akasema shangazi. “Inuka, mwanangu, tumshangilie bibi harusi.”

Kwetu msafara wa harusi haupitishwi kimya. Akasogea ukingoni mwa lami, akapiga vigelegele. Gari la mbele likayumba, likamzoa. La nyuma, la polisi, likapita bila kusimama.

Maziwa yalitapakaa barabarani. Watu walipoanza kulia, nilidhani wanalilia maziwa. Nikaokota kibuyu, nikamngoja shangazi aje anigombeze.

Nilipokuwa mkubwa niliambiwa gari lile lilibeba sukari ya magendo. Nikaambiwa pia kwamba mbele kidogo, darajani, polisi wengine walikuwa wameshafunga njia. Halikuwa na pa kukimbilia.